Jino Liko Mbele au Nyuma? Piga Picha ya Pili Kabla ya Kushika Kisu

Swali ni lile lile, na linatoka kwa wasaidizi wa kabine za meno hapa Lubumbashi, mtaani Kamalondo, kwa wauguzi wa vituo vya Katuba na Ruashi, hata kwa madaktari vijana waliotoka masomoni juzi: "Radio tulipiga, jino tunaliona limelala ndani ya mfupa. Sasa iko mbele ao nyuma?"

Wako waliopata jibu kwa njia mbaya. Daktari amefungua fizi upande wa mdomo, akachimba, hakukuta kitu, kumbe jino lilikuwa upande wa kaakaa. Mtoto anarudi nyumbani na vidonda viwili badala ya kimoja.

Picha moja hailijibu swali hilo, hata iwe safi namna gani. Inakuonyesha juu na chini, kushoto na kulia, lakini kina hakimo. Kila kilichokuwa njiani mwa mionzi kimebandikwa juu ya mwenzake. Picha mbili ndizo zinazojibu, na kwa hilo huhitaji kununua mashine mpya: inatosha ile ya ukutani, filamu na kalamu. Kalamu naitaja makusudi. Wengi wanaokosea wanaijua kanuni vizuri. Wanachokosa ni mtu aliyeandika koni, ule mdomo wa mashine unaotoa mionzi, ilisogezwa kuelekea wapi.

Anza na kidole

Kabla hujawasha mashine, nawa mikono, vaa glavu, pitisha kidole juu ya fizi. Tuchukue chonge la juu, maana ndilo linaloleta wagonjwa wengi wa aina hii. Mtoto wa miaka 9 au 10 kwa kawaida huwa na kivimbe kigumu upande wa mdomo, juu ya chonge la utotoni. Hicho ni chonge la kudumu linaloshuka.

Angalia haya:

- Kivimbe kipo pande zote mbili, au upande mmoja tu? Upande mmoja ukiwa mtupu mtoto akiwa na miaka 10 au 11, ni sababu ya kutosha ya kupiga picha.
- Jino la mbele la pembeni limeinama? Huenda chonge linausukuma mzizi wake.
- Chonge la utotoni linatikisika? Lisipotikisika hata kidogo mtoto akiwa na miaka 12 au 13, uliza kwa nini.
- Kwenye kaakaa kuna mwinuko?

Kidole kinakupa dhana, na picha inaithibitisha au inaikataa. Vikipingana, usikate. Piga picha nyingine au mpeleke mgonjwa mbele.

Filamu kubwa na filamu ndogo

Picha ya kung'ata ni ile ambayo filamu inalala katikati ya meno ya juu na ya chini, mgonjwa akiishika kwa kuing'ata taratibu. Filamu yake ya kawaida ni ya milimita 57 kwa 76. Ile ndogo ya mtu mzima, ya kupiga jino moja moja na mizizi yake, ni milimita 31 kwa 41.

Najua utakachosema: filamu kubwa haipatikani kila siku, na sensa ya kompyuta haina ukubwa huo. Ni kweli. Mabamba ya fosfori yapo ya ukubwa huo, lakini si kila kabine inayo. Kwa mtoto mdogo, filamu ndogo ukiilaza bapa kati ya meno inatosha kabisa kuonyesha meno ya mbele. Kwa mtu mzima ambaye taya lake halienei humo, achana na picha ya kung'ata, nenda moja kwa moja kwenye njia ya kusogeza koni inayofuata hapa chini. Usikunje filamu ili iingie. Filamu iliyokunjwa inarefusha mzizi, inapinda mfupa, na inaacha mstari mweusi ambao mtu atauita ufa.

Taya la juu, hatua kwa hatua

1. Toa miwani, meno ya bandia, hereni na kipini cha pua. Vyote hivyo vinaonekana kwenye picha.
2. Mketishe mgonjwa wima, kichwa kiegemee. Meno ya juu yawe sambamba na sakafu.
3. Mvalishe kinga ya shingo. Kwenye picha hii mionzi inashuka kutoka juu, na tezi ya shingo iko njiani.
4. Laza filamu juu ya meno ya chini, upande mweupe ukitazama juu. Kwa mtu mzima urefu wake ukate kushoto na kulia. Kwa mtoto uelekee mbele na nyuma.
5. Mwambie ang'ate taratibu. Waonyeshe watoto kwanza kwa mdomo wako mwenyewe, la sivyo wataitafuna.
6. Weka koni juu ya daraja la pua, ielekee chini kwa digrii 65 hadi 70. Kwa filamu ndogo ya mtoto, digrii 60 hivi.
7. Simama umbali wa mita 2, usiwe kwenye njia ya mionzi, kisha piga.

Ukitaka upande mmoja tu, sogeza filamu upande huo, uhamishe koni shavuni, pembe ikiwa ile ile.

Picha hii ni nzuri sana kwa mtoto wa miaka 7 hadi 9 ambaye jino moja kubwa la mbele limetoka na mwenzake hajulikani aliko. Mara nyingi utakuta kijino cha ziada kimekaa katikati, kimeziba njia. Lakini usidhani kwamba umeshajua kiko mbele au nyuma kwa sababu tu picha imepigwa kutoka juu. Digrii 65 si wima kamili, kwa hiyo vitu bado vinapandana.

Ipo picha ya zamani iliyopigwa kutoka utosini, mionzi ikipita ndani ya kichwa kizima ili meno yaonekane kwa ncha. Iache. Inapita kwenye ubongo na inahitaji mionzi mingi, wakati kusogeza koni kunakupa jibu hilo hilo bila madhara hayo.

Taya la chini, na mawe ya tezi ya mate

Kwa taya la chini mambo ni tofauti. Hapa unaweza kupata pembe mraba ya kweli, na picha moja ya kung'ata ukiilinganisha na ile ya kawaida inatosha kukwambia kitu kiko upande wa ulimi au wa shavu.

1. Filamu ilale juu ya meno ya chini, upande mweupe ukitazama chini, urefu ukate kushoto na kulia.
2. Laza kiti, mgonjwa arudishe kichwa nyuma kadiri anavyoweza bila maumivu.
3. Koni iwe chini ya kidevu, katikati, ielekezwe mahali ambapo mstari wa kuunganisha magego ya kwanza ungepita.
4. Hakikisha koni na filamu vinafanya digrii 90. Msaidizi atazame kutoka pembeni. Ukiwa mbele huwezi kujua.

Ukiwa umeipata sawasawa, meno yataonekana kama umeyatazama kutoka juu, ukuta wa nje wa mfupa na wa ndani ukiwa mistari miwili safi. Meno yakionekana yamelala, pembe imekosewa, na usiisome picha hiyo kwa habari ya ndani na nje.

Sasa mawe. Mtu anakuja anasema chini ya taya kunavimba kila anapokula, hasa akila kitu kichachu, kisha kunashuka. Wengi wamekwisha kung'olewa gego kwa ajili ya maumivu hayo, na gego halikuwa na kosa. Kwanza papasa kwa mikono miwili, kidole kimoja chini ya ulimi na kingine nje chini ya taya. Kisha piga picha hii ya digrii 90, lakini punguza muda wa mionzi karibu nusu. Hapo ndipo watu wanapokosea: wanapiga kwa nguvu ya kupenya mfupa, na jiwe dogo lenye chokaa kidogo linapotea kwenye weusi. Unachotafuta kiko kwenye nyama, na nyama haihitaji nguvu hiyo.

Kama hukuona jiwe, usimwambie mgonjwa kwamba halipo. Baadhi ya mawe hayana chokaa ya kutosha kuonekana, na lile lililo nyuma kabisa, ndani ya tezi yenyewe, linaweza kuwa nje ya picha. Kwa hilo elekeza koni kutoka nyuma ya pembe ya taya, kwenda juu na mbele.

Kusogeza koni

Njia hii ilielezwa na C. A. Clark mwaka 1910, na Albert Richards wa Marekani akaifafanua tena mwaka 1952. Inua vidole viwili mbele ya uso, kimoja nyuma ya kingine, fumba jicho moja, kisha sogeza kichwa kulia. Kidole cha nyuma kitaonekana kinakwenda kulia pamoja nawe, na cha mbele kinakwenda kushoto. Basi. Kilicho mbali na koni, yaani upande wa ulimi au kaakaa, kinafuata koni, na kilicho karibu, upande wa shavu au mdomo, kinaikimbia.

Fanya hivi:

1. Piga picha ya kwanza ukiwa umenyoosha koni sawasawa na jino la jirani.
2. Chagua mzizi mmoja wa kulinganishia. Mmoja tu, na uuandike.
3. Filamu irudi pale pale.
4. Sogeza koni kwenda nyuma au mbele kwa digrii 20 hivi. Pembe ya juu na chini usiiguse.
5. Andika kabla ya kupiga: "Picha ya 2, koni imekwenda nyuma."
6. Linganisha.

Tuchukue mfano. Msichana wa miaka 13, chonge la juu kushoto halijatoka. Kwenye picha ya kwanza ncha ya taji lake imekaa juu ya mzizi wa jino la mbele la pembeni, katikati kabisa. Tumesogeza koni kwenda nyuma, kuelekea magego. Kwenye picha ya pili ncha ile imetoka katikati ya mzizi, iko ukingoni upande wa magego. Imefuata koni, kwa hiyo iko kaakaani. Kama ingekwenda upande wa pua, ingekuwa upande wa mdomo.

Na kama haikusogea? Mambo mawili. Ama jino liko kwenye mstari mmoja na ule mzizi, ama ulisogeza koni kidogo mno. Digrii 5 hazionyeshi kitu. Rudia kwa kuisogeza zaidi kabla ya kutoa hukumu.

Kanuni hiyo hiyo inatumika kwenye kutibu mzizi: koni ikisogea mbele, mzizi wa kaakaa wa gego dogo la kwanza la juu unakwenda mbele, na ile mifereji miwili iliyokuwa imepandana inaachana. Inatumika pia kwa wima kwenye gego la mwisho la chini: koni ikishushwa na mfereji wa neva ukashuka nayo ukilinganisha na mzizi, mfereji uko upande wa ulimi.

Kama mgonjwa amekuja na panoramiki

Mara nyingi mama anakuja na panoramiki, ile picha ya taya zote kwa pamoja, iliyopigwa mjini. Usiitupe kando, tayari una picha ya kwanza mkononi. Mionzi ya panoramiki inapita karibu na ulalo, wakati picha ya kung'ata ya taya la juu inatoka juu zaidi. Kwa hiyo ni sawa na koni iliyopandishwa. Pima ncha ya chonge kwenye panoramiki iko wapi juu ya mzizi wa jirani, kisha kwenye ya kung'ata. Ikiwa imepanda kuelekea ncha ya mzizi, imefuata koni: kaakaani. Ikiwa imeshuka kuelekea taji la jirani: upande wa mdomo.

Binafsi naipenda njia hii kuliko zote kwa watoto, maana inamaliza kazi kwa picha moja ya ziada.

Mdomo uliopasuka

Mtu akianguka kwenye pikipiki ya manseba, au akipigwa kiwiko kwenye mpira, na jino la mbele limevunjika huku mdomo umechanika, tafuta kipande kabla ya kushona. Weka filamu ndogo kati ya mdomo na fizi, punguza muda hadi robo au nusu, piga. Kipande cha jino, changarawe, vyote vitaonekana. Mdomo ulioshonwa na kipande ndani unavimba wiki nzima na unafunguliwa tena.

Umeme na dawa za kusafishia

Picha mbili zinalinganishwa vizuri zikiwa na weusi unaofanana. Hapa kwetu adui ni umeme wa SNEL unaoshuka katikati ya kazi: mashine ya zamani isiyo na stabilizateri inatoa picha iliyofifia. Usipige ya kwanza kwa SNEL na ya pili kwa gurupu kama unaweza kungoja.

Kwa wanaosafisha filamu kwa mkono, joto la dawa lina maana kuliko saa ya ukutani. Kwa dawa nyingi, nyuzi 20 ni dakika 5, nyuzi 22 ni dakika 4, nyuzi 24 hadi 25 ni dakika 3. Fuata karatasi ya dawa yako. Mwezi wa kumi chumba cha giza kinachemka, na anayezoea dakika za mwezi wa saba atatoa filamu nyeusi tupu. Nunua kipimajoto.

Filamu ikitoka hafifu na ina michoro iliyojirudia, iligeuzwa: karatasi ya risasi ilitangulia mbele ya mionzi. Na unapopanga picha, kile kinundu kidogo kwenye kona kikutazame wewe kila mara, kwa picha zote mbili. Moja ikigeuzwa, kushoto kutakuwa kulia na hesabu yote itaharibika.

Mnachonipinga nacho

*"Picha ya pili ni mionzi ya bure."* Si ya bure ikiwa inaokoa mtoto na kisu kisichohitajika. Picha moja ya ndani ya mdomo kwa filamu ya kasi au sensa huwa mikrosiverti chache, kwa kawaida chini ya 10. Dunia yenyewe inampa mtu wastani wa mikrosiverti 2,400 kwa mwaka bila kupiga picha yoyote. Katanga tuna sababu ya kuuliza habari za mionzi. Urani ya Shinkolobwe ilitoka karibu na Likasi kwenda kutengeneza bomu la Marekani. Lakini mashine ya meno haina madini ndani. Ikizimwa, hakuna kinachobaki hewani. Mjamzito aulizwe, na kama jambo linaweza kungoja, lingoje.

*"Mtoto hatulii, msaidizi amshikie filamu."* Hapana. Mfanyakazi anashika leo, kesho, na mwaka mzima, mionzi inajumlishana kwenye kidole kile kile. Mzazi akiwa hana mimba amshike mtoto wake, akiwa amevaa aproni ya risasi, vidole vikiwa nje ya njia ya mionzi. Na mashine yenyewe ikaguliwe. CNPRI ndiyo yenye mamlaka ya kinga ya mionzi nchini.

*"Si kuna skana ya pande tatu?"* Ipo, na pale ambapo unashuku kwamba chonge limeanza kula mzizi wa jirani, au picha zako mbili zinapingana, ndiyo njia sahihi. Ina gharama na mionzi zaidi. Sioni sababu ya kumtumia mzazi bili hiyo kabla ya picha mbili za kawaida kushindwa.

Cha kuandika kwenye bahasha

Ukimpeleka mgonjwa hospitali ya Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu, andika hivi:

- Picha ya 1: juu kushoto, filamu ndogo, koni imenyooka kwenye jino la mbele la pembeni.
- Picha ya 2: filamu pale pale, koni imekwenda nyuma digrii 20, pembe ya wima haikubadilishwa.
- Kilicholinganishwa: ncha ya chonge na mzizi wa jino la mbele la pembeni.
- Kilichoonekana: ncha imekwenda nyuma. Kaakaani.
- Kidole: hakuna kivimbe upande wa mdomo.
- Tarehe, na jina la aliyepiga.

Picha zote mbili ziende na mgonjwa. Ile ya kwanza usiibakize kwenye droo eti ni kumbukumbu ya kabine. Atakayepokea moja tu atalazimika kupiga upya, na mama wa mtoto atalipa mara ya pili.